Hatua Moja Kushoto

Sogea kushoto, Bi Effie, hatua moja tu:
nguzo ya taa imekuota utosini.
Jua la Dundee halina ukarimu,
limechungulia, litarudi ndani sasa hivi.

Nalenga jicho, lile lililo karibu nami,
si pua, si kifungo cha koti.
Nafungua lenzi hadi mwisho
ili gereji ya mabasi nyuma yako
iyeyuke, iwe ukungu wa kijani.

"Ukungu?" anauliza.
"Miaka ishirini na tisa
nimetoka na basi kwenye lango lile,
alfajiri, barafu kiooni."

Naifunga lenzi kidogokidogo.
Matofali yanarudi. Lango linarudi.
Bi Effie anainua mikono kifuani,
kama aliyeshika usukani.
Hata pipa la taka, naliacha.