Maboga ya Shangazi Cvetka

Watu wa makumbusho wameniletea makasha mawili.
Moja limeandikwa WAKUBWA, la pili WATOTO.
"Panga tu," walisema, "gari litapita Ijumaa."
Leo Alhamisi. Nimekaa sakafuni
miguu imekufa ganzi, na makasha
bado yananitazama kwa vinywa wazi.

Droo ya juu: lebo za chupa za mafuta ya mbegu za boga,
kila lebo na bibi yuleyule, pua kama kitasa cha mlango.
Chini yake, tangazo la sumu ya panya:
panya amevaa miwani, anasoma maelekezo.
Halafu kadi za rambirambi.
Naam, hata hizo alichora, kwa mshahara wa mkate,
na ukiinamisha kadi kwenye mwanga
utamwona pembeni kabisa, chini ya msalaba,
konokono mmoja anaondoka bila haraka.
Konokono wa msibani nimweke kasha gani?

Vibao vya mizinga ya nyuki nimevitoa bandani kwa Vinko,
vimepauka, vingine bado vinanukia nta.
Mafundi wa kale walimchora ibilisi
akimnoa mwanamke ulimi kwenye kinu.
Shangazi aliwabadilisha viti:
mwanamke ndiye anayenoa,
ibilisi kafumba macho, kashika shavu.
Nyuki, alisema Vinko, hawakulalamika.

Kisha mwaka ule wa ukame.
Gazeti la Ptuj, ukurasa wa nne, kona ya kushoto:
Waziri Ramšak kawa boga,
limejaa kiti hadi mikono ya kiti inapasuka,
na mzizi wake, mwembamba, mrefu, wa adabu,
umepita chini ya zulia, chini ya ukuta,
umezama katika kisima cha jirani.
Hakuandika neno hata moja.
Mji mzima ulisoma.
Jumatatu akaitwa, Jumanne hana kazi.
Alirudi na mkebe wa kalamu, kikombe, na mmea wa ofisini
(haukuwa wake; alisema umemwomba wafuatane).

Baridi ile tulikula viazi vya Vinko,
viazi asubuhi, viazi jioni,
naye mezani, soksi juu ya soksi,
akalivua boga kiti, akalipa miguu.
Tumbo lilelile. Mstari uleule, usioinua mkono
tangu shingo mpaka kitovu.
Likatoka shambani kumtafuta mama,
likamuuliza njia tarishi kalunguyeye,
maskini, asiyeweza kubeba barua
bila kuitoboa.
Maktaba ilinunua nakala sita.
Zilirudi tano na nusu.

Miaka tisa baadaye, msimu wa vinyago,
kengele za manyoya zikitikisa mtaa kufukuza baridi,
mzee mmoja alipanga foleni duka la vitabu,
kamshika mkono mjukuu.
"Andika: kwa Manca."
Akalitazama jalada, akalitazama tena.
"Boga hili nalifahamu."
"Wengi husema hivyo," alijibu Shangazi,
akasaini, mkono mtulivu kama maji ya mtungini.
Mimi niliyeshika wino ndiye niliyemwaga.
Mtoto alicheka. Mzee naye, kwa kuchelewa,
alicheka kidogo, kama anayejaribu kiatu,
akalipa, hakungoja chenji.

Sasa niambieni: boga lile ni la nani?

Droo ya mwisho ina orodha za sokoni.
Maziwa, sabuni, ndimu mbili,
na maziwa yamenuna kwa kutajwa mwanzo.

Nimechukua kisu cha jikoni,
nimekata ubavu wa kasha hili na ubavu wa lile,
nikayaunganisha kwa gundi ya karatasi hadi gundi ikaisha.
Halipiti mlangoni. Hilo ni la wenye gari.
Konokono yumo mfukoni mwangu.
Wasiambiwe.