Majibu kwa Mpangaji Aliyeko Njiani

Bwana Pellow, barua nimeipata. Kurasa tatu,
maswali ishirini na moja, yote umeyapa namba
kama barabara zetu za Ngamiani.
Nitajibu kwa mpangilio wangu.

Plagi zako usizitupe. Zile za meno matatu mapana
zitaingia ukutani kwangu kama zilizaliwa humo:
babu zenu walizisahau hapa, nasi hatukuzirudisha.
Gari pia, tunapita kushoto kama ninyi.
Ila Tanga kuna baiskeli,
na baiskeli haina kushoto wala kulia, ina mwenyewe.

Umeme hununuliwa kabla. Tarakimu ishirini,
bonyeza polepole, miwani usoni;
ukikosea moja unaanza upya, gizani.

Maji yana tangi, lita elfu mbili, juu ya choo cha nje.
Fundi ni Mbelwa wa Barabara ya Tisa.
Akisema "nakuja sasa hivi", bandika chai.
Akisema "kesho alfajiri", tafuta fundi mwingine.

Kibali cha kuishi usikingoje mpaka ufike.
Nilikaa dirishani Uhamiaji miaka kumi na tisa;
nimeona watu wazima, wenye mvi na viatu vizuri,
wakilia kwa karatasi moja waliyoiacha kwao kabatini.
Njoo na nakala, na nakala za nakala.
Cheti cha ndoa kije chenyewe.
Unaandika "mimi na Maureen", na mimi nakuamini,
lakini serikali haimjui Maureen wa mapenzi,
inamjua wa mhuri.

Dawa ya presha beba ya miezi mitatu,
na daktari aandike jina la dawa, si la kiwanda.

Sofa ya ngozi iache. Masika ikishika
utaikuta imeota ndevu za kijani,
utaikalia, utanuka kama kaburi la paka.

Majirani, umeuliza, wakoje.
Usiwaambie "jambo", hilo ni la hotelini.
Piga hodi mara tatu; usipojibiwa, rudi kwako
wala usichungulie dirishani.
Wataleta sahani imefunikwa kitambaa.
Usiirudishe tupu. Hata chumvi, Bwana Pellow,
hata ndimu mbili.

Kwetu husemwa: waja leo, waondoka leo.
Nawe umeomba mkataba wa miaka mitano,
nikacheka peke yangu, mwanangu akaja kuuliza kuna nini.

Sasa swali la ishirini na moja,
ulilolibana chini kabisa, kwa herufi ndogo:
mmoja wetu akifa huko, inakuwaje?

Mume wangu Semhando alikuwa baharia.
Alifia Hull, mwaka themanini na mbili, mwezi wa pili,
katika chumba cha kupanga, juu ya duka la rangi.
Kampuni ya meli haikuniandikia hata mstari.
Aliyeniandikia ni mama mwenye nyumba, Doreen,
kurasa tatu, mwandiko umelala kama wako.
Alisema theluji ilizuia gari saa nne.
Alisema alimfunika kwa blanketi lake mwenyewe, la sufi,
na kwamba hakujua aelekezwe upande gani,
akaenda kumuuliza muuza nyama Mpakistani.
Kodi ya wiki ile alinirudishia, noti ndani ya bahasha.
Sikuzitumia. Zimeshapitwa, hata benki haizitaki.

Kwa hiyo: namba ya ubalozi wenu bandika nyuma ya mlango.
Andika kama unataka kurudishwa au kubaki,
useme wazi, usimwachie Maureen kukisia.
Kabla hajamaliza kulia majirani watakuwa wametandika mikeka,
sufuria ziko jikoni, na kuna mtu
anamtafutia kiti, maana miguu yenu haikunjiki.

Kodi ni miezi sita, mbele. Mbwa simtaki.
Piano ya mama mkwe uliyoitaja, ilete.
Mlango nimeupima: inapita, kwa ubavu.

Mwanasiti,
Chumbageni.