Unanisikia?

Walinichukua kwa ajili ya ulimi wa bibi yangu.
Diploma niliiweka mezani, hawakuigusa.
"Kibemba unajua? Kisanga? Kiluba cha ndani,
kile cha mafumbo?"
Nikasema najua. Nikasema nilinyonya navyo.

Dola mia sita. Ghorofa ya tatu, kiyoyozi,
dirisha linalotazama bomba refu lisilotoa moshi
na ule mlima mweusi wa mabaki ya shaba
ambao Lubumbashi nzima inauita mlima
kana kwamba Mungu ndiye aliyeumwaga.

Kazi yangu ni kuvaa masikio ya plastiki.
Watu wanaongea. Mimi naandika kwa Kifaransa.

Siku ya kwanza mikono ilitoka jasho:
nilidhani nitasikia bunduki.
Nikasikia bei ya unga.
Nikasikia muuza vinkubala wa soko la mtaa wa Kenya
akimhimiza dada yake aliye Sakania
mifuko ifike kabla ya Jumapili.
Nikaandika: mifuko.
Shefu Kapend akaizungushia wino mwekundu.
"Mifuko ya nini?"
"Ya vinkubala, shefu."
"Una hakika?"
Hapo nikaelewa mshahara wangu unatoka wapi.
Hakika hailipwi. Kinacholipwa ni shaka.

Nyumbani Katuba, kaka yangu Ngoie anamega bukari,
anaviringisha tonge, anahubiri nalo mkononi:
"Asiye na la kuficha anaogopa nini?
Baba alivunja mgongo miaka ishirini na minane,
wakampa karatasi yenye muhuri.
Wewe umeketi. Unasikiliza. Unalipwa.
Mtu ni kazi yake, dada."

Nikamwuliza: na choo chetu cha uani?
Mtaa mzima unajua unachofanya humo.
Mbona unafunga komeo?

Alicheka mpaka akapaliwa na sombe.
Kisha akaniomba karo ya mwanawe.
Nikampa. Kutoka katika zilezile.

Mama hakusema kitu,
alikuwa akitoa miba ya samaki katika sahani ya mjukuu.
Sijamwambia ninachofanya. Ila tangu mwezi wa tisa,
jakaranda zilipoanza kumwaga zambarau barabarani,
akiwa na neno la kweli
anaifunga simu yake katika kitenge,
anaiacha chini ya mto kama mtoto aliyelala,
ananivuta hadi penye pipa la maji
na kunong'ona.
Kwangu mimi!

Babu alipewa namba ya shaba, aivae shingoni: 4417.
Kambini taa ikiwaka baada ya saa tatu, iliandikwa.
Mgeni akilala, aliandikwa.
Ndiyo maana wazee wale walijifunza kusema "mvua"
wakimaanisha mnyapara,
na "jiko limepoa" wakimaanisha leo hatuendi kazini.
Walitia lugha kufuli.
Ufunguo babu alimwachia bibi,
bibi akaniachia mimi, akinisuka nywele,
bila kudai hata sahani ya chumvi.
Nami nimeuuza,
kwa mwezi, pamoja na bima ya afya.

Juzi, saa tano asubuhi, sauti ya mwanamke mzee
kutoka upande wa Kipushi, mtandao ukikatika:
"Alo? Kabulo, mwanangu? Unanisikia?"
Kimya.
"Unanisikia?"
Kwa Kabulo laini ilikuwa imekufa.
Kwangu ilikuwa hai, safi,
hata kuku wake niliwasikia,
hata pumzi aliyoivuta kabla ya kuuliza tena,
polepole, kama anayebisha mlango wa nyumba yake mwenyewe:
"Hakuna mtu huko?"

Midomo yangu ilifunguka. Kibemba kilikuwa tayari kinywani.
Nikakimeza.

Kwenye karatasi nikaandika: Hakuna kitu.

Shefu Kapend akaja na kalamu yake,
akalizungushia duara jekundu.
"Hakuna kitu gani?"