Fundi Saa, Kilomita ya Thelathini na Moja

Bahari nimeimaliza asubuhi; chumvi bado iko masikioni.
Baiskeli nimeitundika kwenye chuma chake, nikavaa raba
mikono ikitetemeka kama ya mtu anayedaiwa.
Zimebaki mbio tu.
"Tu" ni neno la waliokaa kivulini.

Barabara ya Toure inanuka lami na mwani.
Jua la saa tisa limenikalia utosini
kama mteja aliyekwisha kulipa na haondoki.

Miaka ishirini na sita nafungua saa za watu
Mtaa wa Mkunguni, kioo kimebanwa kwenye jicho moja.
Nalijua jambo wasilolijua wenye saa:
springi ikikaribia kulegea yote,
saa ya zamani si lazima ichelewe. Mara nyingi huharakisha.
Gurudumu lake hucheza padogo, hugeuka upesi,
na mwenyewe hujisifu mtaani kuwa saa yake inawahi.

Hii niliyovaa ni ya plastiki. Kaniazima Tekla wa duka la dawa.
Taa yake ya kijani inachungulia mishipa.
Kilomita ya tano: mia na arobaini na mbili.
Ya kumi na mbili, hatua zilezile: mia na hamsini na moja.
Ya kumi na tisa, sijaongeza mwendo hata wa unywele,
mia na hamsini na nane.
Nacheka peke yangu mbele ya geti la ubalozi,
mlinzi ananitazama.
Springi inalegea.
Maji yangu yote yamehamia kwenye fulana,
damu imebaki nzito kama uji wa jana,
na moyo unachota haba, unachota haba,
kibaba hakijai,
basi unachota mara nyingi zaidi.

Kwenye meza ya maji, Advela mwenye kofia ya njano
ananipa kipande cha tikiti kilichopakwa chumvi.
"Baba, unaendeleaje?"
Nataka kumjibu. Midomo inatafuna.

Daraja la Tanzanite nalipita mara ya tatu.
Lina mwinuko ambao aliye ndani ya gari hauoni.
Taa zimewashwa, upepo unapiga ubavuni,
na hapa, kilomita ya ishirini na saba,
jambo lisilo kwenye ufundi wangu:
mia na thelathini na tano.
Nasukuma.
Mia na thelathini na tatu.
Mapaja ni mifuko ya saruji iliyonyeshewa,
nayo hayaombi tena damu,
na moyo haupeleki mahali usikoitwa.
Sikuwa nimepumzika, wallahi. Nilikuwa nimegomewa.

Kilomita ya thelathini na moja kioo kikawa cheusi.
Nikabonyeza. Nikabonyeza tena, kama mteja mjinga.
Kisha nikaweka vidole viwili shingoni, chini ya taya,
nikalipata pigo,
nikaanza kulihesabia hatua, nane kwa nane,
na kwa kuwa nane kwa nane ni mizani, maneno yakaja yenyewe:

   Moyo wangu usochoka, nilikudhani wa chuma,
   Kumbe nawe huzeeka, kama saa ya kwazima,
   Kama kasi huitaka, twende nawe kwa kuhema,
   Wa kushoto ukifika, wa kulia uko nyuma.

Ubeti mmoja tu. Nikaurudia hadi Koko,
pengine mara mia mbili; hesabu ilinipotea
palipo na harufu ya mihogo ya kukaanga
nikatamani kulia.

Nilifika viti vikibebanishwa.
Mtu mmoja alipiga makofi, kwa sababu alikuwa na mikono.
Tekla akaja mbio na kanga, akauona mkono wangu.
"Shingo imekufanya nini?"
"Naisikiliza."
Akanivua saa yake, akaitikisa karibu na sikio.
"Umeniulia."
"Haijafa," nikasema, nikikaa chini mchangani taratibu,
kwa awamu, kama mzigo unaoshushwa na watu wawili.
"Imeishiwa. Hayo ni mambo mawili.
Muulize fundi."