Mikono Mitatu

Muhanna, mwana wa kaka, kaja na kompyuta kwapani,
kaiweka mezani kando ya sahani ya halwa,
hapa Al Khuwair, ghorofa ya tatu, kiyoyozi kikikoroma.
"Shangazi, kwa njia hii hakuna atakayekujua.
Neno lako hupita kwa watatu.
Wa kwanza anakujua wewe, hajui uendako.
Wa kati hajui kitu, anapokea, anapitisha.
Wa mwisho anajua liendako, hajui limetoka kwa nani.
Limefungwa tabaka juu ya tabaka, kama kitunguu."

Usinifunze vitunguu, baba.
Nimemenya vya harusi nne.
Na hao watatu wako niliwajua kabla hujazaliwa.

Baba alipotangulia Maskati,
mama akabaki Unguja, mimi mkononi, Rayya mgongoni.
Bi Zuhra, fundi cherehani wa Vuga, alimjua mama kwa uso;
barua aliishona ndani ya pindo, hakuuliza ya nani.
Mombasa, karani wa ghala la ngozi
alipokea pindo, akapitisha pindo;
jina lake hatulijui mpaka leo.
Wa mwisho Hilal bin Sleyum, muuza udi wa Matrah,
aliyeujua mlango wa baba
na, tulidhani, basi.

Tuliamini, maana hatukuwa na namna nyingine.

Miaka ishirini, Hilal akafa.
Wanawe wakabandua rafu za duka, wakakuta daftari,
jalada jeusi, mistari imenyooka kama safu ya sala.
Tarehe. Jina. Rangi ya bahasha.
Kila moja ilifunguliwa kwa mvuke wa birika
na kufungwa tena kwa gundi.
Kila moja, Muhanna.

Alimwandikia nani? Wengine walisema serikali ya kule,
wengine ya hapa,
wengine yeyote aliyelipa.
Mwanawe mkubwa alituletea daftari,
akaliweka mezani, akakataa kahawa.

Nikaitafuta ile barua ya Shaaban
mama alipoandika: *tunatoka usiku wa ishirini na tisa,
kwa njia ya Tanga, mwambie yule mtu asiwashe taa.*
Mbele yake, kwa mwandiko wake mzuri,
Hilal kaandika maneno mawili:
*Salamu tu.*

Nililia, sikufichi.
Kisha nikageuza kurasa.
Ya mtu mwingine, karatasi mbili mbele,
hakuandika salamu tu. Aliandika yote,
usiku, njia, hata rangi ya shuka.
Jina sikutajii. Mjane wake
husali ubavuni mwangu kila Ijumaa.

Sasa waniuliza kama naamini chombo chako.
Fundo ni imara, sikatai.
Nauliza wa kati ni nani, na umeme wake nani anaulipia.
Wasema wanajitolea.
Wasema hata fedha ya mwanzo ilitoka kwa serikali moja kubwa,
iliyotaka pa kujificha, na mwenye kujificha
anahitaji kundi la watu wa kumzunguka.
Kwa hiyo mimi ni kundi?
Na siku chombo kikiifungua barua ya mama,
kitaandika nini mbele yake?
Kina binti? Kitasita? Mkono utakiuma?

"Shangazi, kompyuta haina mkono."

Ndiyo hayo ninayosema.

Akanyamaza. Akachukua tende, akairudisha.
Chini barabarani gari lilisimama muda mrefu,
injini ikiwaka, taa zimezimwa,
tukalisikiliza sote wawili
mpaka likaondoka. Labda lilimngoja abiria.

Nikavaa miwani. Sogeza hapa hiyo.
Nina la kumwambia Rayya huko Doha,
kuhusu mwanawe, na watu waliokuja kumuulizia.
Nikaandika kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi.
Muhanna aligeuza uso, bila kuambiwa,
akatazama kiyoyozi
kama kwamba kina jambo la kusomwa.