Zamu ya Usiku, Kinu cha Unga

Tunaziita redio za upepo,
ila upepo wa Nakuru ukishuka kutoka Menengai
hauleti sauti ya mtu.
Huleta vumbi, na harufu ya mvua inayonyesha kwingine.

Redio sita, vitundu sita vya kuchajia
juu ya meza ya kibanda, ubavuni mwa ghala la kwanza.
Mwezi wa nne adapta ya awali ilikufa.
Meneja Kimemia akaleta nyingine, nyepesi kama ganda la yai,
haina jina wala nchi,
ina kijitaa chekundu tu.
Akasema, "Chomeka, Nafuna. Umeme hauna kabila."
Nikachomeka.

Tangu usiku huo redio zikaanza kukaanga.
Ndivyo alivyosema Barmasai: "Huko kwako mnakaanga nini?"
Shhhh, kama maandazi yakitumbukia mafutani.
Tukailaumu transfoma ya barabarani.
Tukawalaumu walinzi wa hoteli ya jirani
waliowahi kuingia chaneli yetu wakiagizana mutura.
Tukalaumu hata mkesha wa kanisa la mabati, na spika zake.
Adapta hatukuilaumu.
Ilikuwa karibu mno na mkono.

Saa tisa na robo, usiku wa Jumanne,
kitaa cha redio yangu kikawaka kijani:
mtu anabonyeza, neno halitoki.
Shhhh.
"Rudia."
Shhhh.
"Ghala la pili, rudia, rudia."

Nikanusa kitu. Si unga, si chai iliyoungulia sufuriani,
ni utamu wa plastiki inayokaribia kukata tamaa.
Kitundu cha nne: betri imevimba,
imeisukuma redio juu
kama chapo la maji linavyoinua mfuniko.
Nikaigusa kwa mgongo wa kidole,
apimavyo mama homa ya mtoto,
nikauondoa upesi.

Na nyuma ya ubao, hatua mbili tu, magunia.
Mgeni hajui: unga sufuriani ni ugali,
unga ukielea hewani karibu na cheche
ni baruti.

Nikang'oa plagi.

Kimya.
Kimya kikaingia kibandani
kama mtu aliyekuwa akingoja mlangoni tangu Aprili.
Na ndani yake, safi, karibu kama pumzi sikioni:
"...mguu wangu. Mtu yeyote. Magunia yameniangukia. Ova."
Alisema ova.
Hata pale, gizani, chini ya kilo tisini mara mbili,
alisema ova.

Tulimfukua mimi na Lubanga wa lango la reli.
Mfupa ulikuwa mzima.
Alikuwa ameniita mara kumi na moja; alihesabu.
Ile betri niliitoa mapema kwa koleo la jiko,
nikaiweka nje ndani ya ndoo ya mchanga,
kisha nikakaa nayo kwa mbali hadi alfajiri,
matanga ya mtu nisiyempenda.

Fundi Ochola wa Bondeni aliifungua adapta, akaguna.
"Kichujio hakuna. Kelele zote zinamwagika hewani.
Na haijui kuacha. Betri ikishiba, bado inailisha."
"Kama shangazi yangu," nikasema.
Hakucheka.

Siku hizi tunachaji mchana, nje, juu ya saruji,
mtu akiwa macho, kwa adapta yenye jina.
Iliyovimba hairudi mezani, hata ikiwaka.
Kimemia ameziandika kanuni kwa wino mwekundu
na chini yake akatia sahihi yake, kubwa kuliko kanuni zenyewe.

Mimi nina moja, sikuiandika popote:
nisiposikia, kabla sijamwambia mtu arudie,
natazama kwanza mezani pangu kuna nini kinachopiga kelele.

Barmasai bado anachechemea kidogo kukiwa na baridi.
Kila saa tisa na robo ananiita, bila sababu.
"Unakaanga?"
"Sikaangi. Ova."