Niliondoka Mara Tisa

Kundaeli wa fundi saa alikuja na baiskeli,
kavaa lile shati la pindo za nyuzi ninalomdai elfu nane,
akasema, "Mama Rogate, nimetoa kibao cha kantri.
Sasa natafuta mke wa kuniacha."

Nikacheka mpaka pini zikanidondoka mdomoni.
"Kuachwa, mwenzio nimefuzu. Kuacha sijawahi."
"Ni kutembea tu," akasema.
"Reli ipo. Elfu thelathini, na chipsi."

Basi Jumanne, alfajiri, stesheni ya Moshi,
umande umelala juu ya mataruma,
Rogate kakaa ukutani na soda yake.
Kulikuwa na farasi, katoka Usa River ndani ya lori la ng'ombe,
kainamisha kichwa kama mgonjwa anayesubiri kuitwa jina.
Kulikuwa na buti zilizomzidi Kundaeli,
zikajazwa magazeti ya juzi.
Na Lembrisi wa kamera, mtu wa Sakina,
ambaye neno lake lilikuwa moja: tena.

Sanduku nilitoka nalo nyumbani tupu.
Nikatembea.
"Tena. Linaelea, mama. Anayehama habebi hewa."
Wakalitia matofali matatu,
na hapo bega likashuka, mguu ukaburuza,
nikatembea kama mtu aliyewahi kuwa na nyumba.

Tena, farasi kanya.
Tena, mlima kajifunika gubigubi, kakataa kupigwa picha.
Mara ya nne nikageuza shingo.
"Usigeuke! Anayeondoka hageuki."
Nikamwuliza, nani kakwambia?
Ya sita na ya saba sizikumbuki,
nilikuwa nahesabu mawe.

Ya tisa, Kibo akavua shuka,
mweupe, karibu, kama aliyeitwa.
Nyuma yangu gitaa likaanza, na Kundaeli,
ambaye hajaoa, ambaye analala chumba kimoja na mdogo wake,
akaimba kwa sauti iliyochunika:
*Kaondoka na ufunguo,
kaniachia mlango.*
Yesu wangu, nililia kwelikweli.
Lembrisi hakusema tena.

Baba Rogate aliondoka saa kumi jioni,
na chaja ya simu mfukoni.
Alisema anakwenda Pasua kuangalia mpira.
Hapakuwa na sanduku, hapakuwa na mlima,
na mimi nilikuwa nachambua mchicha, sikuinua hata uso.

Sasa kila Jumapili, watu wakishatoka ibada ya pili,
redio inamlilia Kundaeli mtaa mzima.
Saluni wameiweka video kwenye runinga.
Muuza nyanya wa Mbuyuni kanipunja makusudi:
"Kijana mpole vile! Alikukosea nini?"
Nikatafuta jibu, nikakosa.
Nikasema, "Anakoroma."

Juzi usiku namba nisiyoijua, ya Tunduma huko:
*Nimekuona. Unakwenda wapi?*
Nilikuwa na sare za kwaya, kola kumi na nne.
Sikujibu.
Nikajikuta nimeshona mkono wa kushoto upande wa kulia,
nikafumua.

Rogate anaitazama kwenye simu yangu
mpaka chaji inalia.
Haangalii farasi, haangalii kofia ya pama.
Anasubiri pale mwisho,
ninapokuwa mdogo kama kiberiti kwenye kona ya reli,
kioo kinakuwa cheusi, gitaa linanyamaza,
na yeye, aliyekuwa ukutani siku ile, anashika simu kwa mikono miwili:
"Sasa hivi," anasema.
"Sasa hivi anarudi."

Sanduku nimelirudisha juu ya kabati.
Matofali mawili nimempa jirani, anajenga banda la kuku.
La tatu linazuia mlango usijifunge.
Ni kwa ajili ya hewa tu.